Kweche Yule Yule, Mwaka Mzima

Watu wakijua napiga picha za ndege, swali la kwanza huwa ni ndege gani adimu nimempata. Mimi hurudi kwa kweche wa kwenye majani marefu kando ya maji, yule yule, na sijamchoka.

Kiangazi ukimwonyesha mtu dume la kweche atakwambia ni shomoro. Ni wa kahawia, ana michirizi mgongoni, na kumtofautisha na jike ni kazi. Mvua zikikaribia ndipo anapoanza kugeuka, na kipindi hicho cha katikati nakipenda kuliko vyote. Unyoya mwekundu unachomoza shingoni, doa jeusi linatokea kifuani, mgongo bado wa kahawia; utadhani nguo iliyotolewa kwenye rangi kabla haijakolea. Majani yakishasimama naye amekamilika, mwekundu wa kuwaka na mweusi tii. Anatutumua manyoya hadi anakuwa duara, kisha anaruka polepole juu ya himaya yake.

Wekundu ule unaisumbua kamera. Jua likiwa kali, picha inatoka bapa jekundu tu, huoni unyoya hata mmoja. Punguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka, na siku ya mawingu mepesi usikae ndani. Lenga jicho. Jicho likitoka vizuri, mengine husameheka.

Mvua za kwanza zina sherehe yake: kumbikumbi. Wakianza kutoka ardhini, hakuna anayebaki na njaa. Keremkerem wanawadaka hewani, vyura na mijusi wanawasubiri chini, hata mwewe hushuka kula wadudu. Kozi wadogo wanaotoka Siberia na kaskazini mwa China, waliovuka Bahari ya Hindi, nao hufika Afrika Mashariki majira ya vuli na kukuta meza imeandaliwa. Hapo naweka kasi ya shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia, kuwa 1/2000 ya sekunde, nabaki nikifuata mabawa.

Mbayuwayu wanaozaliana Ulaya ndio walionifundisha kuandika tarehe kwenye kila picha. Wakifika, manyoya yao yamechakaa kwa safari. Wakiwa huku wanayabadilisha mojamoja, na ifikapo Machi mkia umerefuka, mgongo unang'aa buluu. Weka picha ya Oktoba kando ya ile ya Machi, utashangaa kwamba ni aina moja ya ndege, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, na sasa yuko tayari kurudi.

Kuhusu viota sina mzaha. Dume la kwera linaposuka, jike likaja kukagua na kukikataa kiota, dume linakibomoa na kuanza upya. Mambo hayo yote yanaonekana vizuri ukiwa mbali. Lakini wapo wapiga picha wanaokunja matawi ili kiota kionekane wazi. Tawi lililokunjwa humwonyesha na kunguru njia, tena jua linawachoma makinda. Kwa picha hizo siwezi kumsifu mtu, hata ziwe nzuri vipi. Mimi hutumia lenzi ya milimita 400, inayovuta ndege wa mbali, na kujibanza. Mzazi akirudi na mdudu mdomoni, akasita kuingia kiotani kwa sababu yangu, nafunga kamera na kuondoka hapo hapo.