Madirisha kwenye 286 ya mjomba

Kompyuta yenyewe ilikuwa stoo kwa mjomba wangu, Tanga, imelaliwa na magunia, pamoja na printa yake ya Epson LX-800. Ni 286, yaani kompyuta ya zamani yenye prosesa ya 80286, na RAM (memori) yake ni MB 1. Enzi zake mjomba aliitumia kuandikia barua kwa WordStar, programu ya maandishi matupu. Nilipomwambia nataka kuiwekea madirisha na kipanya, yaani programu za kubofya picha badala ya kuchapa amri, alicheka. "Hiyo ni ya maandishi tu, baba. Picha haijui."

Ubishi ukaanzia hapo.

Kwanza ilinibidi nishike bisibisi. Betri iliyolehemiwa kwenye madabodi ilikuwa imevuja na kuacha ukungu wa kijani. Niliing'oa, nikasugua kwa siki, nikamalizia kwa spiriti. Bahati njia za shaba zilikuwa hazijaliwa. Diski kuu, hata hivyo, ilikuwa maiti. Nikafunga kadi ya CF (kadi ya memori kama ya kamera) kwa adapta ya IDE, njia ya kuunganishia diski, ila BIOS ya zamani kama ile, programu inayoiamsha mashine, ina jedwali lake la diski inazozijua; kama yako haimo, imekula kwako. Dawa yake ni XTIDE Universal BIOS, programu ya bure ya KB 8 tu. Niliichoma kwenye chipu ya 28C64 nikaichomeka katika soketi tupu ya kadi ya mtandao. Mpaka leo kadi ile haijawahi kuona waya wa mtandao, imebeba chipu basi. Lakini mashine ikawaka kwa MS-DOS 5, mfumo wa kuchapa amri ambao madirisha hukaa juu yake.

Nikaanza na Windows 3.1, toleo la 1992, kwa sababu kila mtu angeanza nayo. Inakubali 286 yenye MB 1, na kweli ilifunguka. Kufunguka ni kitu kimoja, kufanya kazi ni kingine. Nikiwa na Write ya kuandikia nikafungua na Paintbrush ya kuchorea, taa ya diski ikawa haizimi: memori haitoshi, kwa hiyo inatupa vipande vya programu na kuvisoma upya kila vinapohitajika. Niliivumilia jioni moja.

Nikahamia GEM ya Digital Research, programu nyingine ya madirisha iliyotoka 1985. Hii ni nyepesi kama karatasi. Historia yake inachekesha kidogo: Apple waliona imefanana mno na Macintosh, wakabana, na toleo lililofuata likabaki na madirisha mawili tu ya faili, yamegandishwa mahali pamoja, huyasogezi wala huyapunguzi. Mimi nilitumia OpenGEM, iliyozaliwa baada ya kampuni ya Caldera kuachia msimbo wa GEM chini ya leseni huria ya GPL mwaka 1999, na humo kizuizi hicho kimeondolewa.

Kilichonitesa kwenye GEM ni kipanya. Mshale ulikuwa unaruka pembeni na kujibonyeza wenyewe kama una mashetani. Siku mbili nilibadilisha programu za kipanya, nikahariri CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS, mpaka nikachoka. Kumbe chini ya tumbo la kipanya kuna kiswichi kidogo, PC upande mmoja na MS upande wa pili, lugha mbili za kipanya kuongea na kompyuta, na chetu kilikuwa PC. Nilikisukuma kwa ukucha, mambo yakaisha. Sikumwambia mjomba.

GEM ingenitosha, isipokuwa ndani yake hamna kitu cha kuandikia barua nilichokipenda. Ndipo nikaweka GeoWorks Ensemble, programu ya tatu ya madirisha, ya 1990, na hapo nilinyoosha mikono. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashine dhaifu, hata XT, kompyuta ya kabla ya 286, ya KB 640, na sehemu kubwa imeandikwa kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ya prosesa. Kwenye 286 ile ile iliyokuwa ikihema na Windows, nilifungua GeoWrite, GeoDraw na kalenda kwa pamoja na bado mshale ulikuwa unateleza. Faili unalipa jina la herufi hadi 32, wakati DOS chini yake bado imekwama kwenye herufi nane, nukta, na herufi tatu. Herufi zinakuzwa kwa ukubwa wowote bila kuchongoka, kwenye skrini na kwenye karatasi. Kwa mtazamo wangu Windows haikushinda kwa ubora. Ilishinda kwa sababu programu za watu zilikuwa kwake.

Jumamosi nikamwita mjomba. Alikaa, akavaa miwani, akashika kipanya kama anayeshika yai. Baada ya dakika kumi alikuwa amechapa barua kwa katibu wa msikiti, kichwa cha habari kikubwa, kimekolezwa. Tukaiwasha Epson. Kwa kuwa ukurasa unatumwa kama picha, kichwa cha printa kilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka chai ikapoa. Barua ikatoka imefifia, utepe wa wino umekauka miaka mingi.

Mjomba akaipeleka karatasi kwenye mwanga wa mlangoni, akaisoma yote.

"Haya," akasema, "utepe wa LX unapatikana wapi siku hizi?"