Siku moja juu ya paa: kuweka grini ya gofu Shangani, Mtwara

Watu wakisikia nyasi bandia wanawaza mkeka: kunjua, tandika, chukua hela. Ardhini, labda. Juu ya paa la zege, ghorofa ya tatu, kutandika ndiyo sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni maji yapate njia na zege lisitobolewe.

Saa 12 asubuhi. Umande upo, upepo wa kusi bado haujaamka. Tunakagua jukwaa tulilofunga jana, mita 4 kwa 7, litakalobeba grini, yaani kiwanja kidogo cha kusukumia mpira wa gofu shimoni. Mbao za inchi mbili kwa nne zimesimamishwa kwa ubavu juu ya vipande vya mpira, zimeachana sentimita 40, zote zikifuata mteremko wa paa. Ukizipanga kukatiza mteremko umejenga bwawa. Juu yake plaiwudi ya milimita 18 isiyoogopa maji, imetobolewa matundu madogo kila futi moja. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zimeishia kwenye mbao. Kwenye zege haikuingia hata moja. Na kabla ya ubao wa kwanza, paa lilizibwa mifereji, likajazwa maji, likalala hivyo saa 24, ndipo tukashuka kutazama dari ya chini. Asiyefanya hivyo ataonyeshwa tundu lake na mvua za Desemba.

Kwa nini jukwaa lote hilo? Shimo la gofu kwa sheria lina kipenyo cha milimita 108 na kina kisichopungua milimita 101.6. Zege huwezi kulichimba, kwa hiyo unainua sakafu ili kikombe kining'inie chini ya plaiwudi bila kugusa paa.

Saa 1 tunapandisha mabunda mawili ya nyasi, kila moja mita 2 kwa 7, kama kilo 40, ngazi yenye kona tatu. Saa 2 yamekunjuliwa yanaota jua ili mikunjo ilegee. Sisi chai na chapati.

Saa 3 na nusu, kuunga. Manyoya ya nyasi kwenye vipande vyote yalale upande mmoja. Ukikosea, rangi zitatofautiana na mpira utakimbia huku na kugoma kule. Ukingo unakatwa kwa kisu kutokea mgongoni, kati ya mstari na mstari wa manyoya. Kingo zinakunjwa, kitambaa cha kuungia chenye upana wa sentimita 30 kinalazwa katikati, kisha gundi ya makopo mawili, ile inayoanza kuganda ukishayachanganya. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanakoroga gundi yote kwa mara moja. Kwa jua la Mtwara gundi inaganda hujafika nusu ya mstari. Koroga ya mita 2, maliza, koroga tena. Kurudisha kingo ni kazi ya vidole: zikaribiane kwa milimita moja au mbili, zisipandane, na unyoya usizame kwenye gundi. Ukizama unabaki kovu, na kila mpira utaliona. Juu ya kiungo tunapanga mifuko 12 ya mchanga, kilo 25 kila mmoja, ule utakaoingia baadaye kati ya manyoya kuyasimamisha. Inakandamiza gundi, na pia haijarundikwa kona moja. Kilo 300 mahali pamoja juu ya paa ni kulitafuta balaa.

Saa 5 mwenye nyumba anapanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, hivi unaniuzia mchanga kwa kilo, na bahari ile pale?"

Nikaeleza. Mchanga wa pwani una chumvi, chumvi inavuta unyevu, mchanga unashikana na haushuki kati ya manyoya. Chumvi hiyohiyo inakula chuma. Vipande vya kombe havina ukubwa mmoja. Huu wa silika umeoshwa, umekaushwa, umesafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar. Akasikiliza, akakubali, akahamia kwenye shimo: analitaka katikati kabisa. Katikati ndipo kiungo kilipo. Nikaeleza tena. Akampigia rafiki yake anayecheza gofu, rafiki naye akataka mashimo mawili. Dakika 40 zimekwenda, gundi imeshakauka, jua limetuweka sawa. Mwisho tukakubaliana shimo moja, sentimita 80 kutoka kwenye kiungo. Hata hapo likasogea kidogo, maana shimo linakaa pale ambapo chini hakuna mbao, si pale mteja alipoweka kidole.

Baada ya hapo saa sizihesabu tena. Nyasi bandia kwenye jua kali hupita nyuzi 60. Unapiga magoti juu ya godoro na bado unaungua. Mchanga unanyunyizwa kwa kopo, chini chini, kwa sababu kusi umeshaamka na ukimwaga kutoka kiunoni unaenda kwa jirani. Tabaka jembamba, fagia kinyume cha manyoya, tabaka lingine, fagia. Mara tano. Kilo 10 kwa kila mita ya mraba, basi mifuko 11 na kidogo. Ukimwaga wote kwa pamoja manyoya yanalala chini yake na hayainuki tena.

Jua linapoinama tunapima kasi kwa mfereji wa alumini wa inchi 36: unauinua polepole hadi mpira ushuke wenyewe, kisha unapima umbali uliotembea. Mipira mitatu kwenda, mitatu kurudi. Kwenda futi 11, kurudi 8. Manyoya bado yamelala. Tukafagia upya, tukapitisha rola. Ikaja 9 na nusu kwa 9. Hiyo naikubali.

Magharibi mzee akapanda na fimbo yake. Mpira wa kwanza ukapita shimo, ukapita ukingo, ukaruka ukuta hadi kwenye mwembe wa jirani.

"Fundi, mbona ukuta umekuwa mfupi?"

"Sakafu imepanda sentimita 13, mzee. Ile reli ya juu ya ukuta ipo kwenye makadirio niliyokupa, mstari wa mwisho. Ule ulioukata."