Tanbihi ya 41

Mwaka ule kamati ya tuzo ya mhitimu bora wa historia ilikuwa na wajumbe watano, nami nilikuwa katibu. Majina sita yalikuwa yamevuka kigezo cha wastani wa alama. Zilibaki tasnifu.

Nilizipa namba ili zisomwe bila kujulikana ni za nani. Kufuta jina kwenye jalada hakutoshi. Siri huvujia ukurasa wa shukrani, mwanafunzi anapomtaja msimamizi wake, na huvujia jina la faili pia. Vyote niliviondoa, nikafunga orodha ya majina kwenye bahasha. Kila tasnifu ilisomwa na wajumbe wawili, wala hakuna aliyepewa ya mwanafunzi wake. Katika alama 100, matumizi ya vyanzo yalibeba 40, hoja 30, mjadala na wanahistoria waliotangulia 20, lugha 10.

Namba 2 na namba 5 zikafungana.

Wajumbe wawili walitaka mwenye wastani wa juu apewe, tumalize. Nilipinga, na hata leo ningepinga. Wastani ulikwisha kutumika kuwaingiza kwenye orodha. Kuutumia tena ni kupima kitu kimoja mara mbili. Tena humwumiza mwanafunzi aliyethubutu kuchukua masomo magumu, kama kusoma miandiko ya kale, ambako alama za juu ni adimu.

Tukaamua kufuata tanbihi, yale maelezo ya chini ya ukurasa yanayotaja chanzo. Tulichagua kumi kutoka kila tasnifu bila mpangilio, kisha tukatafuta chanzo cha kila moja. Katika namba 2, tanbihi tatu zilitaja majalada ya hifadhi ya nyaraka, lakini nukuu zake zilifanana na za kitabu kimoja kilichochapishwa mpaka kwenye neno lililokosewa na mahali maneno yaliporukwa. Majalada hayakuwa yamefunguliwa. Wanafunzi wengi hufanya hivyo kwa kutojua: ilipaswa kuandikwa "imenukuliwa katika", basi. Msimamizi aliarifiwa, zikasahihishwa.

Katika namba 5 tulikutana na tanbihi ya 41. Ilihusu nakala ya barua iliyopigwa taipu, yenye tarehe ya 1912, na ndani yake mji mkuu wa Urusi unaitwa Petrograd. Mji huo ulipewa jina hilo 1914, vita vilipoanza. Kabla ya hapo uliitwa St. Petersburg. Mwandishi aliliona. Aliandika kwamba nakala ile haiwezi kuwa ya kabla ya 1914, kwamba huenda mnakili alibadilisha jina tu, na kwamba kwa sababu hiyo ataitumia kwa habari zinazothibitishwa na barua nyingine, hatainukuu neno kwa neno. Mistari mitatu, kwa herufi ndogo.

Kwa njia hiyohiyo Lorenzo Valla, mwanazuoni wa Italia, mwaka 1440, alionyesha kuwa hati iliyodaiwa kutolewa na Kaisari Konstantino ni ya kughushi: ilitaja "masatrapi", cheo cha Kiajemi kisichokuwa na mahali katika Roma ya wakati ule. Kijana wa shahada ya kwanza kuiona kasoro ya namna hiyo mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, ndicho kitu tuzo ile ilianzishwa ikitafute.

Kura zilikuwa nne kwa moja. Nilipofungua bahasha, namba 5 alikuwa wa nne kwa wastani kati ya wale sita. Maelezo ya kusomwa kwenye mahafali yaliruhusiwa maneno 60 tu. Zaidi ya nusu niliyatumia kuieleza tanbihi ya 41.