Oili ya tarumbeta: kabla hujalaumu chupa, chungulia bomba

Msimu wa harusi ukianza huku Mbeya watu wananiletea matarumbeta yaliyogoma, valvu ukibonyeza haipandi, na swali ni lile lile: mwalimu ninunue oili gani? Nimeamua kuandika hapa, nikiulizwa tena natuma linki basi.

Oili ina kazi mbili, kulainisha na kuziba upepo. Pistoni, yaani ile nguzo ya valvu unayoibonyeza, inapita ndani ya kasha lake kwa nafasi finyu sana, kwenye tarumbeta jipya ni chini ya unene wa unywele, ndo maana jipya linataka oili nyepesi. Zee lililolika linataka nzito kidogo, la sivyo upepo unavuja na we unabaki kukakamua mashavu bure. Na mazee tunayo, wamisionari Wamoraviani wamefika Rungwe tangu 1891 na matarumbeta kwao ni mila ya toka Ujerumani, kwa hiyo huku usishangae kukuta chombo cha kanisa kina umri kuliko anayekipuliza. Kupima ni rahisi: vuta slaidi ya valvu ya kwanza, kile kibomba chake kinachochomoka, nje kidogo bila kubonyeza kitu, subiri sekunde chache, halafu bonyeza hiyo valvu. Ikilia "po!" bado inabana vizuri. Ikikaa kimya, upepo ulishatoroka.

Kwa majina, Yamaha wana Light (nyepesi), Regular (ya kati) na Vintage (ya vyombo vizee), Hetman wao wanatumia namba, 1 nyepesi, 2 ya kati, 3 ya vyombo vilivyolika. Hizo ni sintetiki, yaani za kutengenezwa kiwandani, zinakaa muda mrefu kabla ya kukauka. Al Cass ni oili iliyotokana na petroli, nyepesi, inateleza vizuri ila inaruka haraka so unapaka mara kwa mara. Mi kwa baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba, ibada ya asubuhi Uyole au Njombe huko vidole havijisikii, kama unasita kati ya mbili nakwambia chukua nyepesi, maana baridi nayo inaifanya oili iwe nzito.

Usichanganye tu. Oili ya petroli juu ya sintetiki inaweza kugeuka ulimbo. Ukibadilisha aina futa pistoni na kasha kwanza, pakauke kabisa, ndo uweke mpya.

Juzi dogo mmoja wa bendi kaniuliza, "Shikamoo mwalimu, ivi ya cherehani si nayo ni oili tu?" Marahaba, ni oili, haitakuua, ila ni nzito kwa kazi hii na nyimbo za mbio utaachwa nyuma. Mafuta ya kula ndo usithubutu kabisa, yakikauka yananata hadi pistoni inatolewa kwa fundi. Mafuta ya taa yanang'oa uchafu vizuri kwenye pistoni iliyonasa, lakini hayo ni ya kuoshea, na baadae unaosha tena kwa sabuni, maana hewa unayoivuta ikipita humo mtaumwa kichwa bendi nzima.

Sasa uchafu wenyewe. Watu wanalaumu oili wakati kinachojaa humo kimetoka mdomoni. Fikiria wapulizaji wa harusi nyuma ya kirikuu, wimbo ukiisha chupa ya soda inazunguka, andazi linatafunwa, msafara ukifika kona wanapuliza tena, na vumbi la barabarani juu. Sukari na makombo yote yanaingia bombani. Chomoa kile kidomo cha kupulizia, chomoa na slaidi kubwa ya kurekebishia sauti, chungulia lile bomba la mbele kuelekea mwangani. Ukiona ute wa kijani kijivu umekaa ukutani, umepata jibu. Na kwenye tarumbeta hewa inaanza kuingia valvu ya tatu, sio ya kwanza, kwa hiyo mzigo huo unaanza kutua huko. Sukutua maji kabla ya kupuliza, jamani, ni bure.

Grisi ya slaidi nayo paka kiduchu, ikizidi inasukumwa hadi kwenye pistoni. Mafuta ya mgando yanafaa tu kwa slaidi, usipeleke kwenye valvu. Na usidondoshee oili kupitia slaidi au vitundu vya chini ya valvu, inabeba uchafu wote kuupeleka kule kule.

Kuosha: maji ya uvuguvugu, sio ya moto, ya moto yanabandua ile vanishi ya nje. Sabuni ya vyombo, brashi ndefu ya kupita bombani. Vile visponji na vipande vya feliti, vitambaa vizito vilivyo kwenye valvu, usiviloweshe. Stilwaya na msasa usiviguse pistoni, mkwaruzo mmoja tu umeshaharibu. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na pistoni zilaze juu ya khanga safi, sio mezani palipo na mchanga.

Kurudisha angalia namba, kila pistoni imegongwa 1, 2 au 3. Matone machache ya oili, ingiza wima, zungusha taratibu mpaka isikike "ka", funga kifuniko. Puliza. Upepo ukigoma kabisa kupita, ujue umeingiza ya pili kwenye ya tatu.