Orodha ya chama kidogo cha Kikristo London: nilivyoiandaa mpaka ikafika kwenye karatasi ya kura

Kwenye uchaguzi wa Meya na Baraza la London, mpiga kura hupewa karatasi tatu: ya waridi ya Meya, ya njano ya mjumbe wa jimbo, na ya rangi ya chungwa ya orodha za vyama. Nikiwa wakala wa uchaguzi wa chama kidogo cha Kikristo, niliipanga kazi yote kuizunguka hiyo ya chungwa. Chama cha ukubwa wetu kikitawanya nguvu kwenye zote tatu kinajichosha bure.

Sababu iko kwenye hesabu. Baraza la London lina wajumbe 25: 14 wa majimbo na 11 wa orodha. Jimboni anachukua aliyepata kura nyingi kuliko wote, na huko hatuna mlango. Kwenye orodha, chama kikifikisha asilimia 5 ya kura za London nzima kinaingia kwenye mgao wa viti. Kura za kila chama hugawanywa kwa idadi ya viti ambavyo kimekwisha kupata, ukiongeza 1, na chenye jibu kubwa kuliko vyote ndicho kinachochukua kiti kinachofuata. Chama kikubwa chenye majimbo 10 kinaanza kwa kugawanywa kwa 11. Chetu kisicho na jimbo kinagawanywa kwa 1, yaani kura zake zinabaki kamili. Niliwafundisha watu wetu kulieleza hili mlangoni kwa dakika moja, kwa mfano wa mikate kama ikibidi, maana swali la kwanza la kila mtu ni "kura yangu si itapotea?"

Namba mbili niliziandika ukutani: asilimia 2.5 ya kurudishiwa dhamana ya orodha, yaani fedha tunazoweka ili kugombea, na asilimia 5 ya kiti. Historia inaonyesha umbali uliopo kati yake. Mwaka 2000 Ram Gidoomal, mzaliwa wa Mombasa, aligombea umeya kwa chama cha Christian Peoples Alliance, akashika nafasi ya tano kwa asilimia 2.4, mbele ya mgombea wa chama cha Kijani. Mwaka 2008 orodha ya pamoja iliyoitwa The Christian Choice ilipata kura 70,294, karibu asilimia 2.9. Dhamana ilipona, lakini kiti kilitaka kama kura 120,000. Anayeanza kazi hii bila kuzitazama namba hizo atawaahidi watu kitu asichoweza kukileta.

Dhamana ya orodha nzima ni pauni 5,000, iwe na jina moja au majina 25, ambayo ndiyo kikomo. Jimbo ni pauni 1,000 kwa kila mgombea, na hairudi bila asilimia 5. Umeya ni pauni 10,000, saini 66 (mbili kutoka kila manispaa kati ya 32, na mbili za City of London), kisha pauni 10,000 nyingine ukitaka kuingia kwenye kijitabu kinachotumwa kwa kila mpiga kura. Kijitabu kile ni kizuri mno, sikatai, lakini pauni 20,000 zinachapa vipeperushi vingi. Sisi tuliacha umeya, tukaweka orodha na majimbo machache yenye makanisa mengi, kama Lambeth and Southwark, ambako barabara ya Old Kent Road na Peckham kuna makanisa ya Kiafrika karibu kila kona.

Fomu ndizo zinazoua orodha. Orodha haihitaji saini za wapiga kura, na watu wakisikia hivyo wanalegea. Kumbe kila jina linataka fomu yake ya ridhaa, yenye tarehe ya kuzaliwa, sifa inayomruhusu kugombea, na saini ya shahidi. Ridhaa isisainiwe zaidi ya mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Mgombea anayesafiri kwenda Nairobi au Kampala wakati huo atakukwamisha, kwa hiyo uliza safari za watu mapema. Cheti cha ofisa wa uteuzi wa chama lazima kitaje jina au maelezo ya chama neno kwa neno kama yalivyosajiliwa kwenye Tume ya Uchaguzi. Neno moja likizidi au kupungua, fomu inarudi. Nilipeleka nakala zikaguliwe ofisi ya msimamizi wa uchaguzi siku kadhaa kabla, na nawasihi wenzangu wasiiruke hatua hii. Majina 10 yalitosha. Kila jina la ziada ni fomu moja zaidi ya kukosea.

Kuhusu nani anaruhusiwa: Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda ni raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, hivyo hata bila pasipoti ya Uingereza anaweza kugombea akiwa na kibali cha kuishi kisicho na kikomo. Kupiga kura ni rahisi zaidi, kibali chochote halali kinatosha. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo, mpaka wapate uraia. Ni vizuri kuwaambia kwa upole kabla hawajajaza fomu.

Makanisa yanataka uangalifu kuliko yote. Kanisa lililosajiliwa kama shirika la hisani haliwezi kuunga mkono chama wala kukichangia. Mchungaji kwa nafsi yake anaweza, ila si kwa jina la kanisa wala kwa fedha za kanisa. Ukumbi tulilipia bei ileile wanayolipa watu wa harusi, tukachukua risiti, kwa sababu punguzo ni mchango. Kanisa likiandaa mdahalo, vyama vingine navyo vialikwe. Na mtu asithubutu kusema kwamba asiyetuchagua atakosa baraka. Kumtisha mpiga kura kwa mambo ya kiroho ni kosa la jinai. Mwaka 2015 mahakama ilipofuta uchaguzi wa umeya wa Tower Hamlets, ushawishi wa kidini ulikuwa miongoni mwa sababu. Nilimsomea kila mzee wa kanisa aliyetusaidia maneno hayo ana kwa ana.

Harambee nayo ina mtego. Mchango kwa mgombea unaozidi pauni 50 lazima utoke kwa anayeruhusiwa, na kwa mtu binafsi maana yake aliye kwenye daftari la wapiga kura la Uingereza. Shangazi wa Kisumu akituma pauni 200 kwa moyo mweupe, zinarudishwa ndani ya siku 30. Niliweka daftari lenye jina, anwani, tarehe na kiasi, na sikupokea bahasha isiyo na jina.

Kila kipeperushi kibebe jina na anwani ya mpiga chapa na ya aliyekitoa, na kwa niaba ya nani. Hili likisahaulika, mzigo wote uliochapwa hautumiki. Juu kabisa tuliandika "karatasi ya rangi ya chungwa", kwa herufi kubwa kuliko jina la chama.

Siku ya kura vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na kitambulisho chenye picha ni lazima. Pasipoti ya Kenya au Tanzania inakubaliwa, hata iliyoisha muda, mradi sura inafanana. Kitambulisho cha taifa cha Kenya hakikubaliwi. Ujumbe huo tuliutuma kwa simu jioni ya kuamkia kura, na tena asubuhi, kwa Kiswahili.

Baada ya matokeo kuna ripoti ya matumizi: siku 35 kwa jimbo, 70 kwa orodha, hata kama hukutumia senti. Risiti nilizibandika kwenye karatasi siku ileile zilipotolewa, kwa sababu wino wa risiti za dukani hufifia kabla siku 70 hazijaisha.