Fleshi iliyokwenda Uyole

Kompyuta yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kitabu cha nyimbo za kanisani. Mwenyekiti wa kituo alipoiona mara ya kwanza, mwaka 2018, aliigeuza kiganjani, akachungulia upande wa chini, akaniuliza, "Mwanangu, na nyingine iko wapi?" Ilikuwa Raspberry Pi 3. Kaka yangu aliinunua Dar es Salaam, akaituma kwa basi ikiwa imefungwa ndani ya soksi. Nikaichomeka kwenye televisheni kuukuu, nikaitafutia kibodi na mausi, ikawa ndiyo kompyuta ya kituo chetu cha kukusanyia maziwa, nje kidogo ya Tukuyu.

Kazi yake ilikuwa moja tu. Asubuhi na jioni wafugaji wanaleta maziwa, mpokeaji anatumbukiza laktomita kuona kama hayajatiwa maji, anayapima, lita zinaandikwa. Wafugaji 213, mara mbili kwa siku, kwa siku 15, ni mistari 6,390 kwa kila malipo. Mama Mhasibu alikuwa ameifanya hesabu hiyo kwa kaunta buku na kikokotoo miaka na miaka. Mimi ndiye niliyejitia kimbelembele kwamba kompyuta ingeimaliza kwa nusu saa. Na kweli, miezi ya mwanzo iliimaliza.

Ikaja masika ya 2019. Mvua ya Aprili kule Rungwe hainyeshi, inahamia. Siku mbili kabla ya malipo Mama Mhasibu alinipigia simu.

"Mwanangu, njoo. Orodha imenikimbia."

"Imekukimbiaje, mama?"

"Ilikuwa hapa mbele yangu, nikapepesa macho, haipo."

Nikapanda bodaboda. Kweli bwana, faili la malipo lilikuwa likifunguka, LibreOffice, ile programu ya majedwali ya hesabu, inahangaika kidogo, halafu dirisha lote linapotea bila hata ujumbe wa kuaga. Kwanza nilishuku umeme, kwa sababu kule tumezoea kuushuku kwa kila jambo. Kisha nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika dmesg ili nisome taarifa za mfumo, na mstari wa mwisho ukanieleza kila kitu: kumbukumbu imekwisha, soffice.bin, yaani LibreOffice yenyewe, imeuawa. Linux, mfumo unaoiendesha mashine ile, ikiishiwa RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, haimwiti mtu. Inatazama nani kajinyakulia nyingi kuliko wengine, inamchinja, kazi inaendelea. Nikaandika free -h. RAM yote ilikuwa megabaiti 900 na ushei, imeliwa. Swapu ilikuwa megabaiti 99, nayo imeliwa mpaka sifuri.

Mama Mhasibu alitaka kujua swapu ni kitu gani, na si mtu wa kumjibu "we acha tu, mama". Nikamwambia kompyuta ina meza ya kufanyia kazi, meza ikijaa inahamishia vitu vingine kwenye memori kadi, vikae huko mpaka vitakapohitajika.

"Yaani kama mimi siku ya malipo, meza ikijaa bahasha nyingine naziweka sakafuni?"

"Hivyohivyo, mama."

"Na nikiitaka ya sakafuni, nainama."

"Eeh, unainama."

"Mgongo wangu unauma, mwanangu."

Nikacheka. Ningetulia nikamsikiliza, ningejiokolea siku mbili.

Mfumo ule ulikuja na swapu ya megabaiti 100 tu, na kiasi chake kimeandikwa kwenye faili la /etc/dphys-swapfile. Nikalifungua kwa nano, programu ya kuhariri maandishi, nikafuta 100, nikaandika 2048. Kwa nini 2048? Tamaa. Ndicho kiwango cha juu ambacho programu yenyewe inakiruhusu, nami nikaona kama ni bure, kwa nini nichukue nusu. Nikaiwasha upya, free -h ikanionyesha gigabaiti mbili zimelala zinanisubiri. Faili likafunguka. Nikaaga.

Kesho yake simu tena. Safari hii orodha haikuwa imekimbia, ilikuwa imekaa na haitaki kuondoka. Mshale wa mausi ulikuwa unatambaa kama konokono aliyekula kande. Ukibonyeza herufi, unaweza kwenda kumsalimia mpokea maziwa, ukirudi ndiyo inajitokeza. Taa ya kijani ya ile kompyuta, ambayo kwa kawaida hupepesa pepesa, ilikuwa imewaka moja kwa moja. Nikaandika vmstat 1 nikatazama nguzo mbili, ya vinavyoingia kutoka swapu na ya vinavyotoka kwenda swapu. Namba zilikuwa zinakimbizana kila sekunde: inaweka bahasha sakafuni, inaokota nyingine, inaweka, inaokota. Kazi yenyewe haigusi.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa ile kadi. Memori kadi ina idadi ya kuandikwa na kufutwa inayoweza kuvumilia, na hii yetu ya bei ya chini ndiyo iliyobeba mfumo, faili za malipo, kila kitu. Nakala niliyokuwa nayo kwenye laptopu yangu ilikuwa ya wiki iliyopita. Nikaona jina langu likitajwa kwenye mkutano mkuu wa wafugaji.

Basi nikapata wazo ambalo mpaka leo naona lilikuwa la busara, ila lilikosea nchi. Nilikuwa na fleshi ya gigabaiti 8 mfukoni. Nikaichomeka ubavuni mwa kompyuta, nikaipiga mkswap ili iwe swapu, nikachukua ile namba yake ndefu ya utambulisho nikaiandika kwenye /etc/fstab ili itambuliwe kila mashine inapowaka, nikaizima swapu ya kwenye kadi. Sasa fleshi ikifa, ife yenyewe. Nikajaribu, mwendo ukawa afadhali kidogo. Nilirudi nyumbani nikiwa profesa.

Siku ya malipo wafugaji walifika tangu saa moja asubuhi. Mlima Rungwe ulikuwa umezama kwenye ukungu, watu wamebanana chini ya bati, wengine wamejifunika majani ya mgomba. Orodha ilikuwa inajijenga polepole lakini inakwenda. Nikatoka kwenda stoo kuchukua karatasi za printa.

Niliporudi, kioo kilikuwa kimeganda. Mshale hausogei, saa ya pembeni imesimama. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile. Mama Mhasibu akaniambia kwa upole, "Yule kijana wa gari alikuwa hapa sasa hivi. Kaazima ka-fleshi kako akaweke nyimbo."

Nikatazama ubavuni mwa kompyuta. Tundu tupu.

Nje gari la maziwa lilikuwa limeshashika lami ya kuelekea Uyole, upande wa Mbeya, na mitungi yake nyuma. Nikampigia dereva, simu ikaita mpaka ikachoka. Kilichokuwa kimetokea hakihitaji utaalamu: nusu ya mawazo ya kompyuta ilikuwa kwenye fleshi ile, nayo ikaondoka na gari. Kila programu iliyojaribu kurudia vitu vyake haikuvikuta. Mama Mhasibu alikuwa ameelewa kabla sijaanza kueleza.

"Kwa hiyo kabeba sakafu yangu?"

Nikachomoa waya wa umeme, nikachomeka tena. Mashine ikaanza kuwaka, kisha ikasimama kwenye maandishi meupe, inahesabu sekunde. Ilikuwa inaitafuta fleshi niliyoiahidi kwenye fstab, na ilikuwa tayari kuisubiri kwa dakika moja na nusu. Sekunde 90 zikiwa na watu 213 nyuma ya mgongo wako ni ndefu. Ilipokata tamaa ikawaka, nikafungua faili, LibreOffice ikachinjwa palepale. Safari hii hapakuwa na swapu hata ya kusingizia.

"Leteni daftari!" bibi mmoja akapaza sauti kutoka kwenye foleni.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo halikunifurahisha. Mama Mhasibu alivuta droo, akatoa kaunta buku lake la siku zote, na lilikuwa limejazwa mpaka lita za jana jioni. Muda wote ule, tangu 2018, alikuwa anaandika kote kuwili. Hakunitazama. Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akaita jina la kwanza.

Mimi nikabaki na mashine yangu. Kwa kuwa sikuwa tena na mahali pa kuhamishia vitu, nikafanya kile nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza: nikauliza ni nani anayekula. Nikaandika top, nikabonyeza M kubwa ili wapangwe kwa ulaji wa RAM. Juu kabisa, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne: chromium. Brauza! Pale kituoni hapakuwa na mtu anayetumia brauza. Nikawaza kuna kijana anayekuja usiku kutazama mpira. Nikaenda kuangalia programu zinazojiwasha zenyewe mashine inapoamka, nikamkuta mhalifu. Mstari ulikuwa wa kwangu. Niliuweka mwaka uliotangulia, siku ambayo wageni wa wilaya walikuja kututazama, ili wakiingia wakute ukurasa wa hali ya hewa umejaa kioo kizima na mawingu yake. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Mstari ulibaki, na kila asubuhi kwa miezi yote ile brauza ilikuwa inafunguka na kukaa nyuma ya madirisha mengine.

"Mama, hukuwahi kuona dirisha lenye mawingu?"

"Naliona kila siku," alijibu huku anahesabu noti. "Nilidhani ndiyo sura yake."

Nikaifunga brauza, zikarudi karibu megabaiti 400. Faili likafunguka bila swapu yoyote, likafunguka kwa shida, kwa sababu nalo nilikuwa nimelibebesha mwaka mzima wa malipo, shiti juu ya shiti. Printa ilipotema ukurasa wa kwanza, Mama Mhasibu alikuwa ameshafika jina la 140.

Jioni gari la maziwa lilirudi. Dereva akashuka anatabasamu, fleshi ikining'inia kwenye funguo zake.

"Kaka, fleshi yako ilikuwa imekufa. Redio ya gari haisomi kabisa, inasema hakuna kitu. Nimempelekea fundi pale Uyole, ameifufua. Nimekutolea elfu mbili."

Fundi alikuwa ameifomati, na ndani kulikuwa na nyimbo sitini na kitu. Ningemweleza nini? Nikamlipa elfu mbili yake.

Kesho yake nikalikata lile faili, kila malipo likawa na faili lake. Swapu nikairudisha kwenye kadi, megabaiti 512 tu, na swappiness nikaishusha kutoka 60 hadi 10 ili mashine isikimbilie kuinama kabla meza haijajaa. Ikawa inatembea vizuri. Nilichosahau ni ule mstari wa fstab. Fundi alipoifomati fleshi, ile namba yake ya utambulisho ilifutika, kwa hiyo kila asubuhi kompyuta ilikuwa inaamka, inaisubiri fleshi ambayo haipo tena duniani, dakika moja na nusu, ndipo inaendelea. Nilikuja kuligundua baada ya kama wiki mbili, nikaweka alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari ili mashine iuruke, nikamwita Mama Mhasibu aone inavyowaka haraka.

Akatazama. Hakufurahi.

"Sasa umeniharibia," alisema. "Ilikuwa inasubiri, na mimi nawasha jiko la chai."