Nilivyotuliza ugomvi wa mapaji ya Waklingoni hapa Kirumba

Kibanda changu kiko Kirumba, mwendo mfupi kutoka Mwaloni, na siku nyingi za wiki ni kibanda umiza kama vingine vyote vya Mwanza: mabenchi, runinga kubwa, mpira. Jumatatu, mpira ukiwa umelala, naonesha Star Trek, zile tamthilia na filamu za Kimarekani za safari za angani. Natafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti, na mabenchi mawili ya mbele yana wenyewe. Mwaka jana nusura kikundi chetu kivunjike kwa sababu ya mapaji ya uso. Naandika ili mwenye kibanda mwingine aliye na mashabiki kama wangu ajue nilipitia wapi.

Chanzo kilikuwa mpangilio wangu. Niliona itakuwa rahisi kwa watu tukitazama kwa kufuata miaka ya kisa chenyewe. Ndani ya kisa, Enterprise, chombo cha angani cha Kapteni Archer, inaanza safari mwaka 2151, Discovery inaanza 2256, na ile ya Kapteni Kirk, iliyo mama wa zote, iko miaka ya 2260. Kwenye karatasi inapendeza sana. Ila tamthilia hizo hazikutengenezwa kwa mfuatano huo. Ya Archer ilianza kuoneshwa 2001, Discovery 2017, na ya Kirk ilianza tarehe 8 Septemba 1966. Basi nikawachagulia episodi chache za Archer, nikawapa msimu wa kwanza wa Discovery wote, wakaona watu wa mwanga wanasimama hewani na kuongea. Jumatatu iliyofuata nikawaingiza kwenye chombo cha Kirk, chenye swichi na vitaa vya rangi, tena kisa kinadai hapo ni karibu miaka 10 baadaye.

"Dada, hawa mbona wamerudi nyuma?" akauliza dogo mmoja anayesoma chuo kule Malimbe.

Mwalimu akageuka na benchi lake. Ni mstaafu, alifundisha fizikia, na Star Trek aliijua kwenye kanda za video tangu Bara hatujawa na televisheni. Kwake yeye chombo cha 1966 ndicho chombo. "Hawajarudi nyuma," akasema. "Wale wa Discovery ndio waliotudanganya."

Ingekuwa ni chombo peke yake tungelala salama. Usiku ule ule wakatokea Waklingoni.

Asiyewajua: Waklingoni ni maadui wa zamani wa Kirk, watu wa vita na heshima. Walipoonekana mara ya kwanza, 1967, walikuwa waigizaji waliopakwa rangi ya udongo na kubandikwa ndevu, paji la uso laini kama langu na lako. Televisheni ya wakati ule ilikuwa na pesa kidogo na wiki chache. Hata ile mashine ya kumhamisha mtu kwa miale ilibuniwa kwa sababu kutua na chombo kila wiki kungekula pesa zote. Mwaka 1979 ilipotoka filamu ya kwanza ya sinema, pesa zikawepo, na Waklingoni wakatokea na matuta kwenye paji. Tangu 1987, katika tamthilia ya The Next Generation, kwa Worf, Mklingoni anayeigizwa na Michael Dorn, matuta na nywele ndefu vikawa ndiyo sura yao. Halafu 2017 Discovery ikawaleta vipara watupu, vichwa virefu, nyuso ngumu kama gome.

Shangazi mmoja anayeuza dagaa, ambaye hakosi Jumatatu, akasema kwa sauti: "Huyu wa leo paji lake uwanja wa mpira, yule wa juzi shamba la viazi. Mnaniambia ni ukoo mmoja?"

Watu walicheka, lakini Mwalimu na dogo hawakucheka. Mwalimu alisema kisa kisichojikumbuka si kisa. Dogo akajibu kwamba kutaka vitu vya 1966 leo ni kuwataka watu wapande punda wakati daladala ipo. Neno likazaa neno, mwisho Mwalimu akachukua kofia yake akatoka. Jumatatu iliyofuata benchi lake lilikuwa tupu, na wenzake wanne hawakuja. Mimi nilitafsiri vibaya usiku kucha, macho yangu yakiwa kwenye lile benchi.

Nikamfuata nyumbani. Sikumkuta peke yake, alikuwa na jirani yake, mzee aliyefanya kazi chumba cha mashine kwenye MV Victoria miaka mingi. Nikawasalimu, shikamoo kwa wote wawili, nikaeleza shida. Yule mzee hajawahi kutazama Star Trek hata dakika moja, lakini jambo la meli kubadilishwa sura lilimwingia. Akaniuliza meli ya Kirk ilibadilikaje 1979. Nikamwambia: kwenye filamu wanasema wazi kwamba Enterprise ilikaa gatini miezi 18 ikijengwa upya, na mtu aliyekuwapo anaona tofauti kama sisi tunavyoiona.

"Basi ni Victoria," akasema. "Imeanza kazi ziwani 1961. Imekarabatiwa, ikarudi 2020 na mashine mpya na jina refu, New Victoria Hapa Kazi Tu. Aliyepanda zamani kwenda Bukoba akiingia leo anashangaa. Lakini ni ile ile, na kila mtu anajua lini ilibadilika."

Mwalimu akaruka. "Sasa mzee, hiyo ya Discovery haijapita karakana. Ni meli ya kabla ya Kirk, na ina sura mpya kuliko ya Kirk!"

Mzee akanyamaza kidogo, akasugua goti. "Hiyo ni kama mtu achukue picha ya Victoria ya 1961, aichore upya ifanane na ya leo, aandike chini 1961. Meli haijabadilika. Aliyebadilika ni mchoraji."

Nilirudi Kirumba kwa miguu nikiwa na maneno hayo kichwani. Ugomvi wetu wote ulikuwa ni kuchanganya vitu viwili. Kuna mabadiliko yaliyotokea ndani ya kisa, ambayo wahusika wenyewe wanayaona na kuyazungumza. Na kuna mabadiliko ya mchoraji, ambayo wahusika hawayajui kabisa, kwa sababu kwao mambo yalikuwa hivyo siku zote. Dogo na Mwalimu kila mmoja alikuwa na haki upande wake, ila wakigombania neno moja lenye maana mbili.

Nikanunua manila nyeupe na kalamu mbili za wino mzito. Nikabandika ukutani chini ya runinga, karatasi moja kwa kila tamthilia na kila filamu. Juu, kwa nyekundu, mwaka iliotengenezwa. Chini, kwa bluu, mwaka wa kisa. Ya Kirk: 1966 nyekundu, 2265 bluu. Discovery: 2017 nyekundu, 2256 bluu. Ya Worf: 1987 nyekundu, 2364 bluu. Nikazipanga kwa nyekundu, na nikatangaza kwamba tunaanza upya kwa mfuatano huo, 1966 kwanza. Mwenye hoja aseme baada ya episodi kwisha, na aanze kwa kusema anazungumzia wino upi.

Mwalimu alikuja. Alisimama mbele ya manila muda mrefu, mikono nyuma, kama anasahihisha madaftari. Akaona alichotakiwa kukiona: sura zinafuata nyekundu, kisa kinafuata bluu. Kisha tukaanza, na dakika ya kwanza tu akanyoosha mkono. "Dada, hiki chombo siyo chenyewe."

Alikuwa sahihi, na mimi sikujua. Diski zangu ni zile zilizosafishwa. Kuanzia 2006, Star Trek ilipotimiza miaka 40, episodi za Kirk, ambazo zote ni 79, zilipitiwa upya, na picha za chombo angani zikatengenezwa tena kwa kompyuta. Maneno yale yale, waigizaji wale wale, lakini chombo kinachopita mbele ya sayari si ule mfano wa kuchonga aliouona Mwalimu kwenye kanda. Ikabidi karatasi ya Kirk ipate nyekundu mbili, 1966 na 2006. Dogo ndiye aliyeshika kalamu. Nilipoona wameinamia karatasi moja nikajua benchi limerudi.

Hoja kubwa kuliko zote aliileta shangazi, na sikuitegemea. Ilimhusu Uhura, ofisa wa mawasiliano kwenye chombo cha Kirk. Alisema: "Uhura nimewaona watatu. Wa kwanza Nichelle Nichols, wa sinema ya 2009 Zoe Saldana, na huyu binti wa siku hizi, Celia Rose Gooding. Hawafanani. Mbona hakuna aliyechukua kofia akatoka?" Kibanda kikawa kimya. Kweli, uso mzima wa mtu umebadilishwa mara mbili na tumekubali ni yeye, kwa sababu tunajua mwigizaji ni mwigizaji. Paji la Mklingoni ni kazi ya mikono ya mpambaji vilevile.

Sasa niseme langu. Waklingoni waliharibiwa na maelezo. Kwa miaka mingi matuta yalikuwa wino mwekundu tupu: pesa zimepatikana, sura imekuwa nzuri, twende. Mwaka 1996, katika Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, Worf alirudishwa nyuma hadi zama za Kirk, wenzake wakawaona Waklingoni wa mapaji laini, wakamgeukia wamuulize. Akawajibu kwamba hilo hawalizungumzi na watu wa nje. Nilipotafsiri hapo kibanda kililipuka. Ni jibu zuri mno, linakiri na kufunga mlango. Lakini 2005 tamthilia ya Archer ikaufungua: ikaeleza kwamba Waklingoni walijaribu kujitengenezea mashujaa kwa mbegu za binadamu walioboreshwa, ukazuka ugonjwa, na tiba yake ikawaacha bila matuta. Ni kisa kilichoandikwa kwa ustadi, sikatai. Ila tangu siku hiyo paji likahamia kwenye wino wa bluu, na kila atakayegusa uso wa Mklingoni atadaiwa maelezo. Ndiyo maana 2017 iliuma vile. Mwalimu hakubaliani nami hapa, yeye anaipenda ile ya 2005 kwa moyo wote, na tumebishana mpaka umeme ukakatika, tukaendelea gizani.

Kuna usiku mmoja wa mzunguko huu mpya sitausahau. Tulikuwa kwenye episodi ya kwanza kabisa kuoneshwa, ile ya 1966. Kuna kiumbe kinachojigeuza sura, kinamjia Uhura kwa umbo la mwanamume mweusi, na anazungumza naye Kiswahili. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti karibu na mdomo, nimeshavuta pumzi nitafsiri, nikakuta hakuna cha kutafsiri. Nikakishusha. Lafudhi ilikuwa ngumu, lakini watu 20 na zaidi walisikia lugha yao ikitoka kwenye chombo cha angani, iliyorekodiwa kabla wengi wao hawajazaliwa. Jina la Uhura lenyewe limetokana na uhuru wetu huu. Jina la kwanza, Nyota, lilikuja kutamkwa kwenye skrini 2009 tu, nyekundu ya mbali sana na 1966, na hakuna aliyelipinga. Shangazi alisema lilikuwa lake siku zote, walichelewa kulitaja.

Manila sasa zimevuka kona na kufika mlangoni, na wanaokuja kutazama mpira huwa wanauliza ni ratiba ya ligi gani. Jumatatu ijayo tunaanza msimu wa pili wa Discovery, 2019 kwa nyekundu. Humo Waklingoni wameota nywele tena: vipara vilikuwa vya wakati wa vita. Dogo anasema ni mchoraji aliyerudi nyuma kwa kelele za mashabiki, Mwalimu anasema ni bluu kabisa kwa sababu vita imetajwa. Mwalimu ameshaniambia nimwekee benchi la mbele, na atakuja na jirani yake wa MV Victoria.